Abiria wa Dirisha la Mwisho

Ndege ile haikuwa na abiria, na fundi picha alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Katika programu ya kurusha ndege aliyoiweka kwenye kompyuta yake ya nyumbani, watengenezaji waliweka viti, waliweka mapazia, waliweka hata zile meza ndogo za kukunja nyuma ya viti, lakini watu hawakuweka. Ukiitazama kwa nje, madirisha ni matundu meusi tu yaliyojipanga kutoka mlango wa mbele hadi mkiani. Ndiyo maana mwenzake mmoja wa kundi la mtandaoni la wapenzi wa ndege alipoandika chini ya picha yake, "Ndege nzima na abiria mmoja? Shirika lako litafunga mwezi huu," fundi alicheka kwa pua, akadhani ni mzaha, akaendelea kula mkate wake.

Jioni ndipo alipoirudia ile picha na kuivuta karibu. Dirisha la mwisho, jirani na mkia, lilikuwa na kitu. Kitu cheupecheupe, kama ukungu wa pumzi kwenye kioo.

"Vumbi," alijiambia, akapangusa skrini kwa kona ya shati. Vumbi halikutoka.

Fundi huyu, ambaye mtaani alijulikana zaidi kama Baba Kidoti, alikuwa analipwa kusafisha sura za watu. Studio yake ya kazi ilikuwa chini ya ghorofa, kati ya duka la viatu na duka la dawa, na yeye alikaa chumba cha nyuma akiondoa chunusi za maharusi, akiyang'arisha meno ya wahitimu, akiwafumbua macho watoto waliopepesa wakati picha inapigwa. Mwenye studio alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka ikamwingia fundi kwenye vidole: hakuna kugusa picha ya asili. Unatoa nakala kwanza, kisha nakala hiyo ndiyo unaifanyia vituko vyako.

Nyumbani mikono ileile aliitumia kwa ndege. Aliirusha juu ya milima ya kwenye kompyuta, akaisimamisha hewani kwa kubonyeza kitufe, akaizunguka mpaka apate upande ambao jua linaipiga vizuri, kisha akapiga picha ya skrini. Picha mbichi inayotoka hapo huwa haipendezi. Mabawa yana meno meno kama msumeno, mawingu yana michirizi, maandishi ya ubavuni hayasomeki. Basi kazi inaanza: unaipiga ikiwa kubwa kuliko skrini halafu unaipunguza ili yale meno yafichike, unalainisha kingo, unatuliza rangi, unatia kivuli kidogo chini ya bawa, unaongeza ukali mahali panapostahili. Wenzake walisema picha zake huwezi kuzitofautisha na ndege ya kweli. Wakimwomba siri, aliwaambia siri ni subira, na kutoituma picha kwa simu, maana simu inaikamua mpaka yabaki makapi.

Zamani alikuwa na mtu wa kukaa naye hapo. Mkewe alikuwa dobi. Akimaliza kupiga pasi nguo za watu alivuta kigoda akaketi kando ya mumewe, mikono bado ina joto la pasi. Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. "Nipe dirisha," alikuwa akisema, na fundi anageuza mtazamo wa programu mpaka dirishani, mkewe anatazama mawingu yakipita chini, anauliza kama kweli yanaonekana hivyo. Fundi alimjibu kwamba yanaonekana hivyohivyo, ingawa yeye mwenyewe ndege alizipanda za kwenye kompyuta tu.

Mkewe alifariki mwaka uliopita, kwa ugonjwa uliompitia haraka. Fundi hakulia. Msibani wengine walimsifu kwamba amejikaza kisabuni, wengine wakamteta pembeni kwamba ana roho ya jiwe. Wote walikosea. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno, ambapo unaweza kujing'ata mpaka damu itoke na usijue. Alisubiri ganzi iishe, nayo haikuisha. Alikula, alioga, alikwenda kazini. Mama mkwe wake alihamia pale kusaidia kumlea mtoto. Na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana fundi alifunga mapazia mazito ili mwanga usiipige skrini, akarusha ndege yake tupu.

Ukungu ule wa dirishani angeweza kuufuta kwa brashi mara moja. Kazini angeufuta bila hata kuufikiria. Lakini Jumapili iliyofuata hakuufuta. Aliukuza.

Hapa inabidi tuelewane kidogo. Ukiikuza picha kupita uwezo wake, ndani yake hakuna kitu kipya cha kuonekana. Programu ya kukuzia inakisia tu. Inaangalia picha nyingine zilizomo kwenye kompyuta, inasema hapa pangefaa kuwa na ukucha, hapa kope, inajaza. Fundi aliujua ukisiaji huo na aliudharau, maana ulishawahi kumjazia bwana harusi vidole sita. Siku ile aliuachia ukisie.

Mara ya kwanza ukungu ukawa kichwa. Mara ya pili kichwa kikawa na nywele zilizofungwa kwa nyuma kwa kitambaa, fundo upande, namna ambayo mkewe alizifunga siku za kazi. Fundi akaegemea kiti. Mahali fulani chini ya ganzi, pakamwasha. Lilikuwa jambo dogo sana, kiasi cha mtu kukwaruzwa na uzi, lakini kwa mwaka mzima hakuwa amepata hata hilo. Akaongeza ukali kidogo. Akatuliza rangi. Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma kwa nguvu, na chumbani mle, taratibu, ikaingia harufu ya nguo mbichi chini ya pasi.

Pasi ilikuwa juu ya kabati, waya umezungushiwa, baridi.

Tangu siku hiyo hakupiga picha nyingine ya ndege. Kila Jumapili alirudi kwa ileile, akalisafisha dirisha lile moja, na kila Jumapili mwanamke wa dirishani alizidi kuonekana.

Mtoto wao alikuwa wa darasa la pili. Walimwita Kidoti kwa sababu ya doti nyeusi aliyozaliwa nayo kwenye shavu la kushoto. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, anayeandika kwa mkono wa kushoto na kula kwa huohuo, jambo ambalo bibi yake hakuchoka kulisema. "Mkono huo, mjukuu wangu, utakuja kukaribishwa mezani ukaaibisha ukoo," bibi alikuwa akisema, na Kidoti anajibu, "Bibi, ukoo wenyewe ni wewe na baba," wanacheka wote wawili.

Siku hizo Kidoti alianza kufikicha macho. Kwanza alisema ubao wa darasani una moshi. Kisha akawa anausogelea uso wa mtu ndipo amjue. Akajigonga mlangoni, mlango ambao amepita tangu anajifunza kutembea. Daktari wa macho alimmulika, akampima, akasema macho ni mazima kabisa, labda mtoto anapenda tu miwani. Bibi alimwangalia daktari yule mpaka akainamisha kichwa.

Halafu shule ikataka picha ya kitambulisho. Fundi akampeleka studioni mwenyewe, akamketisha, akampiga picha. Alipoifungua kwenye kompyuta, uso wa Kidoti ulikuwa ukungu.

"Umemtikisa?" akauliza mwenye studio, akichungulia begani kwake.

"Amekaa kama msumari, bosi."

"Basi kamera imechoka. Hebu nipe."

Mwenye studio akakipiga kiti kitupu, na kiti kikatoka hata uzi wa mshono ukahesabika. Akampiga Kidoti kwenye kiti hichohicho. Kiti kikatoka vizuri, sweta la shule likatoka vizuri, jina la shule lililotariziwa kifuani likasomeka herufi kwa herufi, na juu ya kola ikabaki sura iliyofifia kama maandishi yaliyofutwa kwa kifutio. Ile doti ya shavuni haikuonekana kabisa.

"Kila mtu na maajabu yake," alisema mwenye studio kwa sauti ya chini, akairudisha kamera taratibu mezani. "Mlete siku nyingine."

Fundi alijua kwamba hapo ndipo mtu anatakiwa kuogopa. Hofu ilikuja, ila ilikuja kutoka mbali, kama habari ya jirani wa jirani. Akamshika binti yake mkono wakarudi nyumbani.

Siku hiyo hakungoja Jumapili. Alifunga mapazia, akaifungua picha, na kwa mara ya kwanza mwanamke wa dirishani alikuwa amekamilika. Paji la uso lilikuwa la mkewe, na pua, na ule mdomo wa mtu anayetaka kucheka akajizuia. Alikuwa anamtazama fundi moja kwa moja. Na shavuni, shavu la kulia, alikuwa na doti nyeusi.

Mkewe hakuwa na doti.

Hapo akili ya fundi ilisimama, lakini mkono wa kazi hausubiri akili. Miaka yote ile mkono wake ulipoona doti usoni ulijua la kufanya. Ukachukua brashi ya kufutia, ukaigusa ile doti, mguso mmoja tu.

Chumba cha pili Kidoti akapiga ukelele. "Bibi! Bibi, ananichoma!"

Fundi alikipindua kiti akatoka mbio. Mtoto alikuwa ameshika shavu lake la kushoto kwa viganja vyote viwili, na bibi yake alipoviondoa, pale palipokuwa na doti palikuwa na wekundu mdogo wa mviringo, kama mahali ncha ya pasi ilipogusa.

"Anayekuchoma nani?" aliuliza bibi.

"Sijui. Simwoni vizuri," akasema Kidoti. "Lakini anapiga pasi."

Bibi alimlaza, akamfunika, akatoka barazani na mkwe wake, akarudisha mlango mpaka ukagusa bila kufunga. Walisemezana kwa minong'ono, fundi ameinamisha macho kama anavyopaswa mbele ya mama mkwe.

"Baba Kidoti, niambie. Hii harufu ya pasi, na wewe unaisikia?"

"Naisikia, mama."

"Mimi nilidhani ni uzee. Na ule mvumo? Ukiwa kazini, mtambo wako umeuzima, mimi nasikia ndege. Haipiti juu, baba. Inavuma humuhumu ndani."

Fundi akamwonyesha picha. Mama mkwe alisimama mbele ya skrini, khanga ameibana mdomoni.

"Huyu si mwanangu."

"Ana sura yake, mama."

"Sura anayo. Mwanangu alikuwa anakutazama hivi? Kama mtu anayekadiria nguo dukani?" Akageuka, macho yamemjaa. "Mimi mwanangu nilimzika. Nilimlilia mpaka sauti ikanikauka. Wewe ulimweka wapi?"

Fundi akaizima skrini.

Mama mkwe ndiye aliyemjua mganga. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyepanga chumba nyuma ya duka la cherehani, na kwa kuwa alining'iniza miwani miwili shingoni, mmoja wa mbali mmoja wa karibu, watu walimwita Mama Miwani. Hakuwa na tunguri wala ngozi za wanyama. Alikuwa na meza, kalenda iliyopitwa na wakati, na haraka.

"Nani nyumbani kwenu ana kitu anachokisafisha kupita kiasi?" aliuliza baada ya kumtazama Kidoti machoni.

"Mimi nasugua masufuria," akasema bibi.

"Masufuria hayana neno, dada yangu. Kingine."

Fundi akatoa simu, akamwonyesha ile picha, akaeleza jinsi alivyoikuza. Mama Miwani akabadilisha miwani, akatazama, akailaza simu kifudifudi mezani.

"Hicho kinachokisia, kinakisia kwa kuangalia nini?"

"Picha nyingine zilizomo kwenye kompyuta."

"Za nani?"

"Za mtoto. Nyingi ni za mtoto."

"Basi halikukisia. Limechukua." Cherehani ikaunguruma upande wa pili wa ukuta, naye akasubiri inyamaze. "Kuna majini hayana sura. Yanakaa pembeni ya watu, yanangoja mtu ayatazame. Nyumba ambayo watu wamelia wakamaliza, hayakai. Kwako moja liliona mtu amesimama mlangoni kwa maiti mwaka mzima, haingii hatoki. Likakaa dirishani ukaliosha. Ukali wote uliolitia umeutoa kwa huyu mtoto."

"Nalifuta leo hii," alisema fundi.

"Ndivyo utakavyolikamilisha. Ukilifuta kwa mara moja linatoka na vyote lilivyochukua, halina pa kukaa, linatafuta pa kukaa. Lirudishe kidogo kidogo kama ulivyolileta. Lipunguze mpaka libaki nukta moja. Ufanye mchana, mapazia wazi, mtoto awe karibu ili vyake vimrudie. Na iwe picha ileile uliyoitengeneza. Nimesema ileile. Likikuita, usiitike."

"Nimeelewa."

"Sidhani," akasema Mama Miwani. "Ila nenda."

Wakaifanya kesho yake adhuhuri. Jua lilimwagika mpaka kwenye sakafu. Bibi aliketi kwenye kiti cha nyuma amempakata Kidoti, miguu ya mtoto inaning'inia, maana alishakuwa mkubwa mno kupakatwa. Fundi aliuchomoa waya wa spika. Akaketi, akaifungua picha, akabonyeza vile vitufe viwili ambavyo vidole vyake huvibonyeza kila asubuhi kabla ya kazi, kisha akaanza kuiharibu.

Aliondoa ukali. Aliondoa kivuli cha chini ya bawa. Akaipunguza picha robo, na mwanamke wa dirishani akafumba macho kama mtu aliyepulizwa vumbi. Akaipunguza tena. Harufu ya pasi ikaja, nzito, ya nguo iliyoachwa chini ya pasi ikaanza kuungua, na mapazia, ambayo yalikuwa wazi na yamefungwa kwa kamba, yakawa yanajivuta kwenye kamba zake kidogo kidogo.

"Baba Kidoti," zikasema spika.

Bibi akaanza kulia kimya kimya. Fundi hakuitika.

"Baba Kidoti, nipe dirisha."

Ilikuwa sauti ya mkewe, ile ya jioni, ya mtu aliyechoka na kuridhika, na fundi akaendelea kubonyeza na kupunguza na kubonyeza huku ule mvumo wa ndege ukipanda kutoka chini ya meza, ukipanda ukutani, ukitikisa glasi kabatini, na sauti ikimwuliza kama kweli mawingu yanaonekana hivyo, ikimwuliza tena na tena, kila mara karibu zaidi, mpaka akahisi joto la mkono uliotoka kwenye pasi likitua juu ya mkono wake wa kulia, nao ukausaidia kubonyeza, na yeye katika yote hayo alikuwa anangoja aumie, anaomba aumie, na alichosikia moyoni ni kile kitu kizito kisicho na ladha alichokizoea tangu siku ya mazishi. Ndege ikawa ukubwa wa ukucha. Ikawa punje. Ikawa nukta moja ya kijivu.

Mvumo ukakatika.

Kidoti alilegea mikononi mwa bibi yake, kichwa kikaanguka nyuma. Bibi akamtikisa, akamwita, akamtikisa. Mtoto akafumbua macho, akatazama chumba chote taratibu kutoka kona hadi kona.

"Bibi," akasema, "saa ya ukutani ina vumbi."

Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Macho yamerudi! Doti imerudi shavuni! Walimbusu, wakambeba, wakampitisha mkono kwa mkono. Mtu aliyepotelewa na noti akiikuta hajiulizi aliiweka mfuko upi. Fundi alisimama kando akitabasamu kwa sababu wengine walikuwa wanatabasamu.

Nyumba ikatulia. Harufu ya pasi ilibaki, lakini sasa ilikuwa na sababu: Kidoti mwenyewe aliishusha ile pasi juu ya kabati na kujipigia sare zake, mikunjo imenyooka kama imekatwa kwa wembe. Bibi alimsimulia kila aliyepita. Mtoto ameiva! Hana tena maneno mengi. Hata ule mkono, jamani, sasa anakula kwa kulia bila kuambiwa. Jioni Kidoti aliketi wima kwenye kiti chake. Zamani alikuwa anamlalia baba yake begani akimwuliza ndege inalala wapi.

Shule ikakumbusha picha. Fundi akampeleka studioni, akampiga, na safari hii ikatoka kali ajabu, kope moja moja, mpaka mwenye studio akaja kuitazama.

"Hii sasa ndiyo kazi," alisema. Kisha akainama. "Ila umeigeuza. Doti ya mtoto si iko kushoto?"

Ni kosa la kawaida. Ukibonyeza vibaya picha inageuka kama kwenye kioo. Fundi akaigeuza. Doti ikaenda kushoto, mahali pake. Alikuwa anakaribia kuichapa alipoona kifua cha sweta. Jina la shule lilikuwa linasomeka kinyumenyume.

Akairudisha kama ilivyokuwa. Jina likanyooka, doti ikarudi kulia. Akaigeuza tena, akairudisha. Nje, kwenye benchi la wateja, binti alikuwa anamsubiri, mikono juu ya mapaja, mgongo umenyooka.

Alimrudisha nyumbani. Alimwacha jikoni na bibi, akaenda kwenye kompyuta, akaifungua folda. Faili zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ile nukta ya kijivu, na mwisho wa jina lake palikuwa na neno moja ambalo vidole vyake vimeliandika maelfu ya mara: nakala. Ya pili ilikuwa picha ya asili, ileile aliyoagizwa kuipunguza. Kubwa, nzima, haijapunguzwa hata kidogo.

Akaifungua. Bawa liling'aa, mawingu yalikuwa laini, hapakuwa na jino hata moja. Mwanamke hakuwapo. Dirisha la mwisho lilikuwa tupu, isipokuwa chini kabisa, kwenye kona, kimo cha mtu ambaye miguu yake haifiki sakafuni, palikuwa na ukungu mdogo wa pumzi.

Akaukuza mara moja. Ukawa kiganja kimebandikwa kwenye kioo. Kiganja cha kushoto.

Ganzi ikamwachia hapohapo. Ilimwachia yote kwa pamoja, ya mwaka mzima, na maumivu yalimkunja mpaka paji la uso likagonga ukingo wa meza. Alimlilia mkewe, jina lake akilitaja, akalilia kaburi ambalo alilitazama kama shimo la bomba. Alimlilia mwanawe aliyekuwa anamwita nyuma ya kioo siku zote hizi, wakati yeye anatabasamu na watu. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, kama mtu asiye na wa kumwonea haya.

Alipoinua kichwa, mlangoni palikuwa na binti ameshika kikombe kwa mkono wa kulia.

"Chai, baba," alisema, akaiweka mezani bila kumwaga hata tone. Akaitazama skrini. Hakushtuka. "Ukimkuza yeye, utanipunguza mimi."

Fundi hakuitika.

"Bibi amenizoea," akaendelea kwa upole. "Atanililia. Na mimi sikusumbui, sivunji vitu, sijigongi milangoni. Yule umwache akae dirishani. Si mama alilipenda dirisha?"

Jikoni bibi alikuwa anaimba huku anasugua sufuria. Fundi akafuta macho kwa kona ya shati, akavuta kiti karibu na skrini. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye vile vitufe viwili. Akavitazama, akaviondoa. Akashika kipanya, akaanza kukikuza kile kiganja, na safari hii hakutoa nakala.

Ukungu wa pumzi ukatanda upya kwenye kioo cha dirisha. Nyuma ya fundi, aliyeleta chai akaanza kufikicha macho.